Timu yetu inaongoza kwa pasi lakini haifungi, kocha anapanga kikosi kwa hesabu ya pasi. Naombeni ushauri

Kijana wa Wete

Assalaam alaykum wanamichezo. Mie nipo Wete, Pemba, tuna timu yetu ya vijana ya mtaani, jina naliacha ili mtu asijione kasemwa. Mie si kocha, nipo kwenye kamati na kazi yangu kubwa ni daftari, yaani mpira ukichezwa mie nipo pembeni na kalamu nahesabu pasi za kila mchezaji, ikifika napiga kijistari, ikipotea naweka msalaba. Kazi hii kanipa kocha mwenyewe tokea msimu ulopita na mwanzo ilitusaidia sana mana vijana walikuwa wakipata mpira tu wanabutua, hata hawaangalii mwenzao yuko wapi.

Sasa mambo yamegeuka. Kocha kaipenda hesabu ile mpaka ndo anapangia kikosi. Mwenye vijistari vingi anaanza, mwenye misalaba mingi anakaa benchi. Na vijana si wajinga, washajua. Mechi ilopita nlimwangalia namba sita wetu, yaani kiungo wa kati, kwa makusudi, kapokea mpira kwa beki, winga keshakata mbio yuko peke yake kanyanyua mkono, na kijana anamuona, wallahi anamuona, akageuka akamrudishia beki, beki kampa mwenziwe, mwenziwe kamrudishia namba sita. Vijistari vitatu hivo vimeingia daftarini na winga keshasimama kashika kiuno. Pasi zetu siku ile zilikuwa kama mara mbili ya zao na tumefungwa moja bila, goli lenyewe mpira mrefu wa kipa wao, straika kamzidi mbio beki wetu, basi.

Kinachoniuma zaidi ni kijana wetu mmoja winga wa kulia. Huyu ndo alokuwa akitupa magoli, misalaba anayo mingi kwasababu kila akipata mpira anatafuta kupenyeza, tatu zinapotea ya nne mtu kabaki na kipa. Sasa hivi yuko benchi. Juzi kaniuliza, "kaka, nikipiga za nyuma tu ntaanza?" na mie sikuwa na la kumjibu.

Barazani ndo usiseme. Kundi moja linasema kocha yuko sawa, mpira wa sasa ni kumiliki, timu kubwa zote zinapiga pasi. Kundi jengine linasema pasi haziandikwi kwenye ubao wa magoli. Juzi watu wamepandishiana sauti mpaka adhana ya isha ndo imewatenganisha.

Nnataka ushauri wa mambo mawili. La kwanza, nihesabu kitu gani kitachoonesha nani anaisaidia timu kwenda mbele? La pili, kocha ni mtu mzima, mpira kanifunza yeye udogoni, namwita ami. Namwambia vipi bila ya kumvunjia heshima?

Jukwaa la Gombani

Alaykum salaam. Huyo ami msimulie habari ya Hispania tu. Kombe la Dunia 2018 kule Urusi, 16 bora, wamepiga pasi zaidi ya 1000 na wenyeji, mechi imekwisha 1-1 na hata hilo goli lao Warusi walijifunga, penati wakatoka. 2022 Qatar, Japani kawafunga 2-1 na Hispania kashika mpira zaidi ya asilimia 80. Kisha 16 bora na Morocco, pasi zaidi ya 1000 tena, dakika 120 bila bao, wakenda penati wakapiga tatu na zote wakakosa. Pasi nyingi kiasi hicho na kipa wa Morocco hakusumbuliwa. Sasa kama wale wenye viwanja kama zulia yamewakuta, vijana wa Wete itakuwaje?

Mwana Ng'ambo

Gombani umechagua upande unaoutaka. Hispania hao hao 2010 Afrika Kusini walibeba kombe kwa pasi, mechi zote nne za mtoano wameshinda 1-0. Tokea 16 bora mpaka fainali hawakufungwa hata goli moja. Unajua kwanini? Kwasababu mpira ulikuwa kwao, mwenzio hana mpira atakufunga na nini? Pasi zile zilikuwa ulinzi. Kwahiyo mtoa mada usende ukamwambia kocha pasi hazina maana mana si kweli, na atakuona hujui mpira. Pasi ya nyuma ina kazi yake, inamvuta mpinzani atoke kwake, akishatoka nyuma yake pakawa wazi ndo unapiga ile ya kupenya. Tatizo la vijana wenu ni kuwa winga kapata uwazi na mtu hampi.

Dau la Tumbe

Mie bado nakumbuka Novemba 2012, Celtic na Barcelona pale Glasgow. Barcelona ile ya Messi, Xavi na Iniesta, wameshika mpira zaidi ya asilimia 80, na Celtic kashinda 2-1, goli la mwanzo kafunga Victor Wanyama, Mkenya wa hapa hapa kwetu, kichwa cha kona. Na Leicester walochukua ubingwa wa Uingereza 2016 walikuwa miongoni mwa timu za chini kabisa kwa kumiliki mpira na kwa pasi kufika, lakini wakikunyang'anya tu straika wao Vardy keshatoka mbio. Mrudisheni huyo winga uwanjani jamani, mnamuua mtoto.

Mzee wa Kengeja

Takwimu za nini kwa watoto, wacheni wacheze.

Fundi Daftari

Mzee wangu shikamoo, lakini mie sikubaliani. Hesabu si mbaya, ubaya ni kuhesabu kitu kimoja alafu ukakifanya ndo mpira wote. Na hili si geni. Kulikuwa na Muingereza mmoja anaitwa Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga, alianza 1950 kwenye mechi ya Swindon kuandika kila shambulizi kwa mkono kama unavofanya wewe mtoa mada. Akaandika miaka na miaka, akaona magoli mengi yanatokana na pasi tatu au chini ya hapo, akasema basi pasi nyingi ni kupoteza wakati, pigeni mbele haraka. Watu wakamfuata na Uingereza wakabutua miaka mingi. Sasa kosa lake liko wapi: mashambulizi karibu yote kwenye mpira yanakatika kabla ya pasi ya nne. Kwahiyo lazma na magoli mengi yatoke huko, si kwamba njia ile ni bora ila ndo inayotokea zaidi. Hakujiuliza katika kila mashambulizi mia ya pasi fupi mangapi yamezaa goli na katika kila mia ya pasi nyingi mangapi. Walokuja kuzipima hivo baadae wakakuta ile minyororo mirefu ya pasi inalipa zaidi, kwa timu inayoiweza.

Ami yako na Reep wamekwenda njia mbili tofauti lakini shida yao moja. Huyu anasema pasi nyingi ndo nzuri, yule anasema chache ndo nzuri, na hakuna hata mmoja alouliza pasi imekwenda WAPI.

Sasa cha kufanya. Wajerumani wawili walokuwa wakicheza ligi ya kwao, Stefan Reinartz na Jens Hegeler, wametoa njia inaitwa paking, hata televisheni ya kwao waliitumia kwenye Euro ya 2016. Wao wanahesabu pasi imewaacha wapinzani wangapi nyuma. Tuseme namba sita wenu kapokea na mbele yake kuna wapinzani saba ukimtoa kipa, akapiga, na aloipokea mbele yake wamebaki wanne. Pasi hiyo imewaacha watatu, andika 3. Pasi ya pembeni 0, ya nyuma 0, haimpi kitu wala haimkati kitu. Na aloipokea nae mwandikie 3 zake, kwasababu bila ya mbio zake pasi hiyo isingekuwepo. Hapo ndo utamuona winga wako. Kijana alopiga pasi kumi zikafika tisa kwa beki mwenziwe ana asilimia 90 na sifuri. Kijana alopiga kumi zikafika sita ana asilimia 60, lakini katika hizo sita akiwaacha watu kumi na nne, niambie nani anaanza.

Ukitaka kuona kumiliki mpira kunavodanganya, Kombe la Dunia 2014, Brazil kwao Belo Horizonte na Ujerumani. Brazil kamzidi Ujerumani kidogo kwa kushika mpira. Matokeo mnayajua, Brazil kafungwa 7-1.

Mwana Ng'ambo

Fundi hapo nakupa mkono. Lakini hiyo sifuri ya pasi ya nyuma bado siikubali sawasawa, ile pasi ya nyuma ilomvuta mpinzani mbele ndo ilozaa hiyo 3. Alopiga ile hapati kitu?

Fundi Daftari

Hapati kwenye daftari, atapata kwa kocha mwenye macho. Daftari haliwezi kubeba kila kitu.

Mwalimu wa Michezo, Mkoani

Mie nafundisha michezo skuli, wasichana na wavulana, nataka kusema kitu kuhusu huyo mtoto aliyeuliza "nikipiga za nyuma tu ntaanza". Hilo swali kaka yangu usilichukulie jepesi. Mtoto akiogopa msalaba anaacha kujaribu, na akishaacha kujaribu miaka hii ya kujifunza hairudi tena. Kwa wanangu mie mpira ukipotea kwenye theluthi ya mbele kwa sababu mtu kajaribu kupenyeza siuandiki kuwa kosa, naandika kitu kimoja tu, tumeurudisha haraka au hatukuurudisha. Hapo wenzake wote wanaingia kwenye hesabu. Ukipotea nyuma kwetu mbele ya goli, huo naandika msalaba na namwambia aliyeupoteza. Msalaba wa nyuma na wa mbele haulingani hata kidogo, na daftari lako kwa unavoeleza linaiweka sawa.

Kuhusu ami yako, usimwendee baada ya kufungwa, hapo kila neno litamchoma. Mwendee nyumbani kwake siku isiyo na mechi. Na barazani usilizungumze kabisa kabla hujamwambia mwenyewe, hapa kwetu maneno yanafika kabla ya mtu.

Mtaro wa Ole

Nyote mmesema vizuri ila mmesahau kiwanja. Masika yakiingia kiwanja chetu kati kati ni dimbwi, pasi ya chini inafika nusu inasimama, beki wao anaiokota. Pasi iloshindwa pale si kosa la mtoto. Siku kama hiyo timu inapita pembeni kwenye ukavu au inapiga juu ya dimbwi, na daftari lisipoandika hali ya kiwanja linawasema watu uongo. Kiangazi nako ni mchanga na vishimo, mpira unaruka unampiga mtu gotini. Mtu asilinganishe asilimia za televisheni na zetu.

Winga wa Zamani

Shkamooni wakubwa. Mie nlikuwa winga na nlikalishwa benchi kwa sababu hii hii, "unapoteza sana". Kocha alokuja baadae kaniambia neno moja, ukiwa kwetu cheza salama, ukivuka nusu fanya unachotaka. Basi. Nkapoteza mipira ile ile lakini mahali pengine, na magoli yakaja. Kama kocha wenu hataki mambo ya hesabu za Wajerumani mpeni hilo tu, kijana ataelewa siku moja.

Kijana wa Wete

Ahsanteni sana wote, Allah awalipe. Nimesoma yote na jana usiku nlikaa na daftari la mechi ilopita nikajaribu kuipitisha ile hesabu ya Fundi kwa pasi nnazozikumbuka, mana daftari lenyewe halioneshi pasi ilielekea wapi. Namba sita wetu anaeongoza kwa vijistari nimemtafutia pasi ilowaacha watu nyuma kipindi cha pili chote sikumbuki hata moja. Si mchezaji mbaya huyu kijana, ndo jinsi tulivomfunza sisi.

Ntakwenda kwa ami wiki hii baada ya isha, mechi haipo. Nimeamua sitomwambia aache pasi, ntamuomba ruhusa niongeze safu ya pili kwenye daftari, yeye mwenyewe achague nani aanze kwa kuangalia zote mbili. Nadhani hilo atalikubali mana hesabu anazipenda. Ile ya mwalimu ya kupoteza mbele na kupoteza nyuma nayo ntaitia.

Suali langu lililobaki, kwa mtu mmoja inawezekana kweli? Mpira unakwenda haraka, nikiinama kuandika moja nyengine ishapita.

Fundi Daftari

Mmoja huwezi. Tafuteni wawili, mmoja anasema kwa sauti, "sita kwa saba, tatu", yaani namba sita kampa namba saba na wameachwa watatu, mwengine anaandika bila ya kunyanyua kichwa. Na msihesabu mechi nzima mwanzoni, anzeni na dakika 20 za kila kipindi. Anaesema akae juu kidogo kama kuna ukuta au kigogo, chini pembeni huoni nani kabaki nyuma ya mpira. Mzozo utakuja kwenye watu wawili watatu walosimama sambamba na mpira, hapo amueni mapema kuwa aliye sambamba hajaachwa, msije mkagombana na nyie.

Jukwaa la Gombani

Na huyo winga akimpita mtu kwa chenga si pasi, unamwandikia?

Fundi Daftari

Unamwandikia, kamuacha mtu nyuma. Chenga ni 1 na akipita wawili ni 2.

Mwana Ng'ambo

Hapo kila mtoto ataanza chenga.

Mwalimu wa Michezo, Mkoani

Waanze, kwenye nusu ya mbele. Ukirudi kwa kocha tuambie kasemaje, mie nataka kuijaribu na wasichana wangu.