Mjadala: Mwanamke akipewa tiketi ya urais, tupige vigelegele kwanza au tuulize kwanza?

Mwenye mada, Mkomani, Lamu

Asalaam alaikum wazee, kina mama na vijana wenzangu. Tangu Watanzania wapige kura Oktoba 29, 2025, sijakaa baraza hapa mjini mazungumzo yakaisha bila kufika kwa Mama Samia, na yakifika hapo watu hugawanyika. Nimeona tulilete hapa tulijadili kwa utulivu, maana pale Mkunguni mwenye sauti kubwa ndiye mshindi, hoja iwe nayo au isiwe nayo.

Siulizi kama mwanamke anaweza kutawala. Hilo Wapate walishalijibu karne ya 18, Mwana Khadija alipokalia kiti cha Wanabahani, ukoo uliotawala Pate. Nauliza hivi: chama kikubwa kikimteua mwanamke kugombea urais kwa mara ya kwanza, je, uteuzi wenyewe watosha kushangiliwa, au tutazame kwanza ameupataje?

Msimamo wangu nautanguliza: tutazame ameupataje.

Chukueni Marekani. Hillary Clinton aliutafuta uteuzi wa Democratic mwaka 2008 akashindwa na Barack Obama, yule ambaye Kenya nzima tulimwita mtoto wetu. Akaenda Denver, akasimama ukumbini akaomba mwenyewe kwamba Obama apitishwe kwa sauti moja. Naamini usiku ule ulikuwa mgumu kwake. Akarudi tena 2016, akapambana na Bernie Sanders jimbo baada ya jimbo mpaka Juni, na Julai 26 kule Philadelphia akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa cha nchi ile. Safari hiyo aliyesimama kuomba apitishwe kwa sauti moja alikuwa Sanders. Novemba alipata kura karibu milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump na urais akaukosa, kwa kuwa kule rais hupatikana kwa wajumbe wa majimbo, si kwa jumla ya kura za wananchi. Alishindwa, naam. Lakini ile Julai 26 hakuna awezaye kumnyang'anya. Palikuwa na mtu wa kushindana naye, akamshinda.

Sasa njooni Dodoma, Januari 2025. Mkutano mkuu wa CCM ukampitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee, miezi kadhaa kabla ya wakati ambao kwa kawaida wanachama huchukua fomu. Hakuna mwingine aliyepata nafasi hata ya kuomba. Je, nilifurahi? Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Mwanamke wa Makunduchi, mtandio kichwani, Kiswahili chake kwetu ni cha nyumbani kabisa, yuko juu ya tiketi ya chama ambacho tangu kizaliwe 1977 hakikuwahi kumpa mwanamke nafasi ile. Kabla yake kina Anna Senkoro mwaka 2005 na Anna Mghwira mwaka 2015 waligombea kwa vyama vidogo.

Aprili ikaja, Tundu Lissu, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, akashtakiwa kwa uhaini na Chadema ikazuiwa na tume ya uchaguzi kushiriki uchaguzi. Baadaye Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye akaenguliwa. Oktoba mambo mnayajua: watu waliuawa, intaneti ikazimwa, kisha ikatangazwa kwamba ameshinda kwa karibu asilimia 98. Hata waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi ule haukufuata misingi ya umoja wenyewe. Sasa wale waliopiga vigelegele Januari, Oktoba walikuwa wapi? Mimi naona dalili zilikuwepo tangu siku ya uteuzi. Mtu hakupewa wa kushindana naye ndani ya chama, akaja kuondolewa wa kushindana naye nje.

Haya, nimemaliza. Karibuni, ila tusitukanane.

Mama wa Faza

Kakangu wa Mkomani, nimekusoma mpaka mwisho na nimecheka peke yangu.

Dodoma hiyo hiyo, Julai 2020, marehemu Magufuli alipitishwa akiwa peke yake. Hakuna mwana-CCM mwingine aliyechukua fomu. Huku kwetu 2017, Uhuru alishindana na nani ndani ya Jubilee? Na 2022, Ruto alimshinda nani ndani ya UDA? Hayo yote yalipopita hukufungua mada hapa kuuliza "ameupataje". Mwanamume akikabidhiwa tiketi mezani mwasema ndiyo siasa, amejipanga. Mwanamke akikabidhiwa mezani hiyo hiyo, mwaitisha hesabu.

Na Kamala Harris utamweka wapi? Joe Biden alijitoa Julai 21, 2024, na tiketi ikaenda kwa Kamala bila hata jimbo moja kumpigia kura ya mchujo kama mgombea urais. Akashindwa Novemba. Basi furaha ya wanawake wa kule ilikuwa haramu?

Jengine. Wasema mabarazani, mabarazani. Mimi hayo mabaraza sikai. Ni mwanamke gani wa Lamu amewahi kukaa Mkunguni baada ya isha, akanywa kahawa, akasikilizwa? Sisi siasa twazizungumza harusini na ndani ya boti, maji yakipungua pale Mkanda tukakwama tukingoja. Huko hakuna aliyewahi kuniuliza "alimshinda nani". Huuliza "ataleta nini".

Ya Oktoba sitayatetea. Damu ni damu. Lakini hayo mwulize kama rais, kama ungemwuliza mwanamume. Usirudi nyuma ukayafanya ni makosa ya vigelegele vyetu.

Ustadhi, Langoni

Wa alaikum salaam. Naona mwapita kando ya suala lenyewe. Iko hadithi ya Abu Bakra katika Bukhari, kwamba hawatafaulu watu waliompa mwanamke jambo lao. Simzuii mtu kufurahi, nakumbusha tu. Wazee wetu wa nti hii walikuwa na adabu zao, na yeo zimekuwa za kuchekwa.

Kijana wa Shela

Ustadhi, kwa heshima zote, wewe ni mwalimu wangu. Hadithi hiyo ilisemwa Waajemi walipomtawalisha binti wa mfalme wao, na wanazuoni wamehitilafiana kama inawahusu hao tu au inahusu kila zama. Na katika Surat An-Naml, malkia wa Sabaa, tunayemwita Bilkisi, anatajwa akishauriana na wakuu wake kabla ya kukata neno, nao ndio waliokuwa wepesi wa vita. Pakistan walimpata Benazir Bhutto 1988, Bangladesh ikafuata 1991, Indonesia ikampata Megawati 2001. Waislamu wa huko hawakuacha kuwa Waislamu.

Mwenye mada

Ustadhi, na wewe mdogo wangu, hilo ni la darsa, tulipeleke darsani. Hapa tubaki kwenye tiketi.

Mchangiaji, Malindi

Nyinyi mwabishana juu ya siku moja ya mkutano mkuu. Mimi naona aliyefika pale juu alipanda ngazi, na ngazi yenyewe hamuitaji.

Malindi yetu haikuwahi kuwa na mbunge mwanamke. Mwaka 2013 Aisha Jumwa akaingia kama mwakilishi wa wanawake wa Kilifi, kiti kilicholetwa na Katiba ya 2010. Miaka mitano watu wakamwona jukwaani, wakamzoea, wakamcheka, wakampenda, wengine wakamchukia. 2017 akagombea ubunge wa Malindi dhidi ya wanaume akashinda. 2022 alipoondoka kwenda kutafuta ugavana, ambao hakuupata, Malindi ikamchagua Amina Mnyazi. Mwanamke baada ya mwanamke, na wala haikuwa ajabu tena. Siku hiyo hakuna aliyepiga vigelegele kwa kuwa ni mwanamke. Walipiga kwa kuwa mtu wao ameshinda.

Huko kwenu ni vile vile. Ruweida Obo alikuwa mwakilishi wa wanawake wa Lamu tangu 2017, kisha 2022 akachukua jimbo la Lamu Mashariki. Wadi tatu, Faza, Kiunga na Basuba, na mama wa Faza anajua kuliko mimi kazi ya kuzunguka visiwa vile kuomba kura. Gladys Wanga alianzia kiti hicho akawa gavana wa Homa Bay, Kawira Mwangaza kadhalika kule Meru.

Na Samia mwenyewe? Mwaka 2000 aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa viti maalumu. Vile viti ambavyo watu huvidharau, wakasema ni vya kupewa. 2010 akagombea Makunduchi akashinda. 2014 akawa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, na huko ndiko nchi nzima ilimwona akiongoza kikao chenye kelele. 2015 mgombea mwenza. 2021, Magufuli alipofariki, katiba ikamkabidhi nchi. Kwa hiyo swali lako la "alimshinda nani", kaka, jibu lake liko miaka kumi na tano kabla ya Dodoma.

Ila nina lawama moja na kiti hiki cha mwakilishi wa wanawake. Vyama vimekigeuza kuwa chumba cha kutufungia. Mwanamke akisema anataka ubunge wa jimbo huambiwa, "Mama, nyinyi mna kiti chenu." Na ile kanuni ya Kifungu cha 27 cha Katiba, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, mpaka leo Bunge halijaitimiza. Jaji Mkuu Maraga alimshauri rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo Septemba 2020, na Bunge likakaa palepale mpaka muda wake ukaisha.

Mzee wa Witu

Wanangu, mwawasahau wa kwenu. 1997 Charity Ngilu na Wangari Maathai waligombea urais wa Kenya mwaka mmoja, Moi akiwa bado ana nguvu zake. "Masaa ni ya Ngilu" iliimbwa mpaka huku. Alimaliza wa tano. Martha Karua 2013 hakufikisha hata asilimia moja. Lakini Mei 16, 2022 Raila alipomtaja kuwa mgombea mwenza, wajukuu zangu wa kike walirukaruka sebuleni mbele ya televisheni. Kwa Ngilu hawakuruka, hawakuwa wamezaliwa. Mwaka ule, tiketi tatu kati ya nne za urais zilikuwa na mwanamke kama nambari mbili. Mimi najiuliza, mbona nambari moja wote walikuwa wanaume?

Mwenye mada

Mzee wangu, ahsante. Hilo lako la mwisho ndilo hasa linalonisumbua. Nambari mbili hupewa na mtu mmoja, na alichokupa mtu mmoja anaweza kukinyima.

Dada wa Faza, umenibana kwa Magufuli na nakubali umenibana. Kipimo changu nakitumia kwa wote: uteuzi wa 2020 nao haukuwa wa kushangiliwa. Lakini hoja yako haivunji yangu, yaipanua. Ikiwa wanaume walipewa tiketi mezani, dawa si kuwapa wanawake tiketi mezani wawe sawa. Dawa ni mchujo wa kweli kwa kila mtu. Ndugu wa Malindi ameeleza ngazi vizuri, na tazameni, Jumwa na Ruweida walihama kutoka kiti cha wanawake wakaenda kupambana wazi na wanaume. Hapo ndipo mimi hupiga makofi.

Lamu hatujapata gavana mwanamke tangu ugatuzi uanze 2013. Kwale wamempata Fatuma Achani 2022, naye alikuwa naibu gavana kwanza. Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Vyama vikifanya mchujo wa haki hapa kwetu, mwanamke atapita, na siku hiyo nitakuwa wa kwanza barabarani.

Mama wa Faza

Mchujo wa haki! Wewe uko Mkomani, kituo cha kura kiko hatua mia kutoka mlangoni kwako.

Nikueleze mchujo wa chama fulani niliousimamia kama wakala wa mgombea mwanamke, kisiwani kwetu. Tuliambiwa masanduku yatafika asubuhi. Yalifika baada ya alasiri, kwa boti, na karatasi hazikutosha. Kina mama waliopanga foleni tangu asubuhi walikuwa na watoto mgongoni, na wengine nyumbani jiko halijawashwa. Magharibi ikaingia, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mume amepiga simu, mtoto analia, giza limeingia, na kina mama wa heshima hawasimami uwanjani usiku pamoja na vijana wasiowajua. Mpaka saa nne usiku foleni ilikuwa ya wanaume watupu, na nusu yao sikuwahi kuwaona Faza. Mgombea wangu alishindwa. Kwa hesabu yako wewe, alishindana, akashindwa, basi ni haki.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini wanawake hushangilia tiketi ya mezani, ni kwa kuwa mezani angalau kuna taa. Anayetaka tuache kushangilia hiyo aanze kwa kudai mchujo wa mchana, sanduku lifike kabla ya jua kuchomoza, kituo kifungwe kabla ya magharibi, na daftari la wanachama libandikwe ukutani wiki nzima kabla ya kura. Hayo ukiyaandika barua kwa vyama, mimi nitatafuta sahihi za wanawake wa Faza, Siyu, Tundwa na Kizingitini. Wewe utatafuta za mabaraza ya Mkomani?