Tupeane uzoefu: feni ya injini ya pikipiki yako inawaka saa ngapi? Yangu niliikata waya, nikalia Newala

Pweza Mkavu (Lindi)

Wakuu, habari za jioni. Naanza na ya kwangu, mwenye ya kwake aishushe bila aibu.

Mwaka jana nilichukua pikipiki ya mkononi kutoka Dar, cc 250, ile yenye rejeta ya kupozea maji ya injini. Maisha yangu yote nimepanda Boxer. Mambo ya kulanti (yale maji ya dawa ya kupozea injini) na feni nilikuwa nayasikia kwa wenye magari tu. Wiki ya kwanza natoka Lindi naenda Mtwara, jua la saa nane, nikasimama Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, ninunue korosho za kukaanga. Nimezima, ufunguo nimeutia mfukoni, nageuka kulipa nasikia vuuuuu. Pikipiki imezimwa lakini inavuma. Vijana wakasogea. Mmoja ananiuliza, "Kaka, mbona imezimwa halafu inapumua?" Kuna mzee alikuwa amekaa na kahawa yake, akasema taratibu, "Hiyo ina mwenyewe."

Kama dakika mbili hivi ikanyamaza. Mie jasho.

Nilivyorudi Lindi nikampelekea fundi mmoja. Akasema swichi ya feni imekufa, itakumalizia betri. Dawa yake ilikuwa fupi: akakata waya wa feni, akafunga tepu nyeusi, akachukua elfu tano. Nikamshukuru kabisa.

Nikatembea nayo zaidi ya mwezi, haina neno. Lindi–Mtwara, Lindi–Nachingwea, mshale wa joto katikati. Nikaanza kusema hii feni ni pambo. Ikaja siku ya kupanda Newala kutokea Masasi, msimu wa korosho. Mbele yangu lori lina shehena, linapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani, na kona zile huwezi kulipita. Nipo gea ya kwanza, nakamata klachi, naachia, nakamata. Mara taa nyekundu ya joto. Nikajipa moyo, nifike juu tu. Sikufika. Mvuke ulitoka ubavuni ukiwa na harufu tamutamu kama ya sharubati iliyoungua, mpaka leo nikiinusa tumbo linanisokota. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na silinda, ilikwenda. Kuishusha, kupiga hedi msasa, gasketi mpya na kulanti, laki tatu haikubaki chenji.

Sasa nataka kujua: ya kwako inawaka saa ngapi, na imeshakufanyia nini?

---

Spana 14 (Mtwara mjini)

Pole mkuu. Mimi ni fundi, nipo upande wa Mkanaledi. Feni yako ilikuwa nzima. Aliyekuwa mbovu tumuache.

Iko hivi. Injini ya maji ina milango miwili ya joto. Wa kwanza ni themostati, ambayo nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, ndipo maji yanaanza kuzunguka mpaka kwenye rejeta. Wa pili ni feni. Hiyo nyingi huwaka joto likifika kama nyuzi 100 au kuzidi kidogo, inapuliza mpaka lishuke nyuzi chache, inazima yenyewe. Msishtuke kusikia 100 mkadhani maji yameshachemka. Mle ndani kuna mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, na kulanti nayo haichemki upesi kama maji ya kisimani.

Ukiwa unatembea, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe, tena mwingi kuliko wa feni ile ndogo. Ndiyo maana Lindi–Nachingwea ulikuwa unakula raha na waya umekatwa. Feni ni ya kusimama. Foleni, kijiweni, mchanga, mlima nyuma ya lori. Ulichukua mwezi mzima kuipima mahali ambapo haina kazi.

Na ile ya Mnazi Mmoja: pampu ya maji inazungushwa na injini. Ukizima, pampu inasimama, lakini hedi na silinda bado vina moto wa safari. Ule moto unahamia kwenye maji yaliyotulia, kwa hiyo dakika ya kwanza baada ya kuzima joto la maji linapanda. Swichi inaliona, feni inawaka. Pikipiki ambazo feni imeunganishwa moja kwa moja na betri zitavuma hivyo. Nyingine waya wa feni unapitia swichi ya ufunguo, ukizima nayo inazima hapo hapo. Zote ni sawa, ndivyo zilivyotengenezwa.

Ingekuwa inavuma asubuhi injini ya baridi, hapo ningemuunga mkono huyo fundi kwamba swichi imeganda. Ila dawa ni kubadili swichi, si kukata waya.

---

Kamba Kochi

"Hiyo ina mwenyewe" 😂😂 huyo mzee apewe maua yake.

---

Mama Guta (Tandahimba)

Mimi sipandi pikipiki, ila nina guta la matairi matatu, lina rejeta na feni ya umeme. Msimu linabeba korosho za watu kupeleka ghalani, nje ya msimu tofali, mchanga, chochote. Kijana aliyekuwa ananiendeshea akaniambia, "Mama, hili guta linakunywa maji kuliko ng'ombe." Kila asubuhi anajaza lita moja. Mimi namwambia jaza tu mwanangu. Na huku kwetu juu maji mnajua shughuli yake, kwa hiyo anajaza ya dumu lolote analolikuta.

Siku moja tumesimama foleni ya kushusha, magari kama ishirini mbele, yeye hazimi injini kwa sababu stata inasumbua. Feni kimya. Likachemsha. Mtoto akachukua tambara akafungua mfuniko wa rejeta hapo hapo. Sitaki kuyarudia niliyoyaona. Mkono na kifua, ngozi ilitoka kama ganda la ndizi. Alilala wodini siku tisa. Amepona, makovu anayo.

Fundi alipofungua akakuta vitu viwili. Feni ilikuwa imejaa tope la njia ya mashambani, pangaboi halizunguki, mota ikalazimisha mpaka fyuzi ikakatika. Na ndani ya rejeta, vile vijia vya maji vimeota gaga jeupe kama la kwenye birika la chai. Lile gaga lilitokana na maji yetu ya dumu.

Siku hizi naweka kulanti, na sharti langu kwa dereva ni moja: mfuniko haufunguliwi mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta ukahesabu mpaka ishirini.

---

Spana 14 (Mtwara mjini)

Mama, hapo umesema. Mvuke ule ulikuwa umefungiwa, ukifungua mfuniko mgandamizo unaachia ghafla na maji yote yanachemka kwa mpigo. Tambara halizuii kitu.

---

Bajaji Ligula

Wengi hawajui kwamba bajaji nayo ina feni. Yangu ni ya injini ya kupozwa na hewa, haina tone la maji, lakini feni ipo imefungwa kwenye magineti, lile gurudumu linalozunguka na injini. Haina swichi, haina waya, haisubiri joto. Injini ikizunguka nayo inazunguka, ukivuta mafuta inaongeza kasi. Sababu injini ya bajaji imejificha nyuma, upepo wa barabara haiuoni kabisa, sasa feni inasukuma hewa ndani ya kava la bati mpaka kwenye yale mapezi ya silinda, vile vibamba vya kutolea joto.

Kisa changu ni panya. Niliugua wiki tatu, bajaji imelala uani. Naitoa, nusu saa tu inakosa nguvu, inagonga kama inakula karanga, harufu ya kuungua. Nimebadili plagi, oili, nikaambiwa kabureta, nikanunua kabureta! Dogo mmoja wa kijiweni akasema ngoja tufungue lile kava. Weee. Panya amejenga nyumba ya vyumba na sebule. Nyuzi za magunia, maganda ya karanga, kipande cha kanga ya mke wangu ambacho tulikuwa tunakitafuta. Mapezi yote yamezibwa. Feni inazunguka vizuri kabisa ila hewa haina pa kupita.

Kabureta ile mpya bado ninayo, mwenye shida aje inbox.

---

Mwinyi wa Mikindani

Ya Ligula inafanana na ya kwangu. Nina skuta ya kike (msinicheke, inakula mafuta kidogo). Kava la plastiki linalozunguka injini lilipasuka, likawa linapiga kelele, nikalitoa nikalitupa. Nikajisifu kwamba sasa injini inapata hewa zaidi, tena ya bahari. Kumbe lile kava ndilo linaloielekeza hewa ya feni ipite kwenye silinda. Bila kava, feni inapulizia Mikindani nzima isipokuwa silinda. Ringi zimekufa ndani ya miezi miwili.

---

Jembe na Plagi (Masasi)

Naomba niingize ndugu yake pikipiki: mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Ile unayobeba mgongoni ina injini ndogo, feni kwenye magineti vilevile. Vumbi la salfa likichanganyika na oili inayovuja linakuwa ugali wa njano, linakaa kwenye mapezi. Nikimaliza shamba napiga brashi kavu kila siku. Jirani yangu hapigi, na kila msimu ana pistoni mpya.

---

Tumbo Joto (Nachingwea)

Sisi wa Boxer na jamaa zake hatuna feni wala rejeta, tuna mapezi tu na mwendo wetu. Kuna kijana wa kijiweni kwetu alitoa feni ya kompyuta iliyokufa, akaifunga mbele ya silinda, waya kwenye betri. Abiria wakawa wanagombania pikipiki "yenye AC". Tulimcheka, lakini nikasema moyoni ana hoja, maana tatizo letu ni kukaa kijiweni injini inanguruma bure. Feni yenyewe iliyeyuka mbawa siku ya nne.

Nilichojifunza mimi ni kuzima. Nikisubiri abiria zaidi ya dakika mbili tatu nazima. Na nimetoa lile turubai nililofunga mbele kuzuia tope. Lilikuwa linanikinga miguu, injini inakosa hewa.

---

Pweza Mkavu (Lindi)

@Spana 14 mkuu, sasa nitajuaje kwamba feni ni nzima kabla ya kupanda mlima? Sitaki tena Newala inifundishe.

---

Spana 14 (Mtwara mjini)

Simamisha kwa stendi ya katikati au shikilia wima, injini ya baridi, washa, iache sailensa, yaani ingurume taratibu bila kuvuta mafuta. Kaa nayo. Usiende kunywa chai. Mshale utapanda taratibu, inaweza kuchukua dakika kumi au zaidi, feni iwake yenyewe kabla ya taa nyekundu. Ikiwaka, subiri uione inazima. Ikizima umemaliza kazi.

Taa nyekundu ikitangulia, zima injini. Angalia fyuzi. Kisha soketi ya feni: sisi wa pwani chumvi ya hewa inakula pini, unakuta ukungu wa kijani. Nimefungua soketi za Shangani huko utadhani zimeokotwa baharini. Ukisafisha na bado, na pikipiki yako ni ya ile swichi ya nyaya mbili, chomoa soketi ya swichi, unganisha pini mbili kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, mota nzima, swichi imekufa. Kama ni ya mfumo wa kompyuta usiunganishe waya kwa kubahatisha, peleka kwa mwenye mashine ya kupimia.

Kuna la hewa pia. Ukimwaga kulanti na kujaza upya, hewa inaweza kunasa juu karibu na sensa, kile kipima joto cha maji. Sensa ikikaa kwenye hewa haipati joto la maji sawasawa, feni inachelewa au haiwaki, na injini inaungua. Jaza ikiwa baridi, mfuniko wazi, washa kidogo, iyumbishe kushoto kulia mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga.

Na wale wa kupiga dairekti, waya wa feni moja kwa moja kwenye betri bila swichi, ili feni izunguke muda wote: haiharibu injini, ila betri yako utaikuta imekufa, hasa wa safari fupi fupi za mjini.

---

Mzee Mkongojo (Newala)

Vijana, mmesahau moja. Yangu feni ilikuwa inawaka kwa wakati wake, inavuma vizuri, na bado inachemsha nikisimama. Nikitembea haina shida. Nimezunguka kwa mafundi watatu. Rejeta ikazibuliwa, themostati ikabadilishwa.

Mjukuu wangu ndiye aliyenipa jibu, na ana miaka kumi na moja. Alikuwa anachezea karatasi ya daftari mbele ya rejeta. Karatasi inaruka kwake, inamwangukia usoni. Feni ya nyuma ya rejeta kwa kawaida inavuta hewa kutoka mbele, kwa hiyo karatasi ilitakiwa inate kwenye rejeta. Kumbe fundi aliyebadili mota aligeuza nyaya, chanya kwenye hasi. Mota ya namna ile ukiigeuza nyaya inazunguka kinyume. Ikawa inachukua hewa ya moto kwenye injini inaipuliza mbele.

Tukageuza nyaya. Karatasi ikanata. Mjukuu akataka afanye tena na tena mpaka nikamwambia betri si ya baba yako.

---

Kamba Kochi

@Pweza Mkavu na yule mzee wa kahawa pale Mnazi Mmoja, ulirudi kumweleza kwamba ni maji ya moto tu?

---

Pweza Mkavu (Lindi)

Nilipita Jumamosi. Waya nimeshaurudisha, nimefanya ile ya sailensa ya Spana, na karatasi ya Mzee Mkongojo imenata. Nikasimama makusudi mbele yake, nikazima, nikatia ufunguo mfukoni. Ikaanza vuuuuu. Nikamwambia mzee, hii ni feni, inapoza maji, itazima sasa hivi.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kikombe chake, akasogeza kiti upande wa pili wa mwembe.