MREJESHO: Baiskeli ya umeme iliyolala stoo

Wakuu, asanteni sana. Niliomba ushauri kuhusu baiskeli yangu ya umeme ya 36V iliyokaa stoo muda mrefu ikagoma kuwaka. Nilimsikiliza aliyesema nipime betri kwanza kabla ya kuchomeka chaja: mita ilisoma 19V, wakati ikijaa inatakiwa 42V. Fundi akakataa katakata kuichaji, seli (vibetri vidogo vya ndani) zilizoshuka hivyo zinaweza kushika moto. Tukaazima betri nyingine, tukasugua kutu ya kijani kwenye soketi kwa mswaki na spiriti, mota ikazunguka! Waya za breki na tairi la nyuma nimebadili. Wazo la kubadili seli chache halikupita, fundi anataka ninunue betri nzima, na bei yake hainihurumii. Kwa sasa napiga pedali tu. Kupanda Mlimani nzito balaa.