Haibridi imeziua supakaa, na msiniletee habari za sekunde

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Mimi ni dereva wa kampuni ya kukodisha magari hapa Dubai, huu mwaka wa sita. Kazi yangu ni kumpelekea mteja supakaa, yaani gari ya kifahari ya mwendo mkali, na kuirudisha. Kwa hiyo kabla hamjaanza "umeendesha wapi wewe", nimeendesha. Si yangu hata moja, ila makalio ni yangu na yanajua kilichobadilika.

Wiki iliyopita nimepeleka haibridi mpya (injini ya petroli pamoja na mota za umeme), jina nalihifadhi. Mteja kijana tu, kasimama mlangoni pa hoteli, simu juu, anarekodi, anasubiri muungurumo. Gari ikapanda kutoka maegesho ya chini kwa umeme, kimyaa, kinachosikika ni tairi zikilia kwenye sakafu. Akashusha simu: "Imezima?" Niliona aibu kama mimi ndiye niliyeiunda.

Haya, mlio tuuache. Kinachoniuma zaidi ni breki. Nyingi za hizi gari ukikanyaga, mota za umeme ndizo zinaanza kupunguza mwendo ili zirudishe chaji kwenye betri, halafu brekipedi zinapokea. Hapo katikati kompyuta ndiyo inagawa kazi, mguu wako unapewa mrejesho wa kutengenezwa. Niliwahi kushuka na moja mlima wa Jebel Jais alfajiri, barabara tupu. Kona ya kwanza pedeli ngumu. Ya pili laini kama nimekanyaga godoro. Ya tatu nimekanyaga vilevile, ikanibana ghafla mpaka mkanda ukanikaba. Mguu uleule! Gari inayopita 300 unaibahatisha breki kama bajaji?

Na msiniambie ndivyo haibridi zilivyo. McLaren Artura ni haibridi, lakini breki zake hazichaji betri, na usukani bado ni wa haidroliki (unasaidiwa na mgandamizo wa mafuta), makusudi kabisa, ili dereva asikie barabara mikononi. Kumbe inawezekana. Wengine wameamua tu kwamba sisi hatutagundua.

Uzito sasa. Ferrari F8 Tributo ilikuwa kilo 1,330 bila vimiminika; 296 GTB ikaja na 1,470. Lamborghini ndiyo usiseme: Huracán Evo kilo 1,422, Temerario iliyorithi nafasi yake 1,690. Hizo ni kilo 268, yaani umepakia abiria wanne na hakuna anayeshuka kituoni. Kwenye mstari ulionyooka huwasikii, mota zinawabeba. Ingia kona, wote wanakulalia upande mmoja.

Nisiwe mchoyo: umeme unaziba lile pengo la kusubiri turbo (feni inayoisukumia injini hewa) iamke, na Lamborghini Revuelto bado ina injini ya V12, yaani silinda 12, ya lita 6.5 isiyo na turbo. Hiyo naivulia kofia. Hata zile haibridi tatu za 2013, McLaren P1, Ferrari LaFerrari na Porsche 918 Spyder, umeme uliwekwa kama pilipili. Siku hizi pilipili ndiyo mboga yenyewe. Ferrari SF90 haina hata gia ya rivasi, inarudishwa nyuma na mota za umeme za mbele!

Halafu atatokea mtu: "lakini inafika 100 kwa sekunde 2.5". Sawa mkuu, imefika. Baada ya hapo? Unatambaa Sheikh Zayed Road ukikwepa kamera, na hizo sekunde zimeshaisha. Kinachobaki mkononi na mguuni ndicho ulicholipia, na ndicho walichokiondoa.

Aliyewahi kushika Huracán ya V10 na haibridi yoyote ya sasa aje hapa, tubishane kwa hoja. Mashabiki wa kwenye YouTube kaeni pembeni kwanza.

Mimi kesho saa moja asubuhi naipeleka ileile ya kimya kwa mteja mwingine. Kwenye simu kauliza swali moja tu: skrini yake inaunganishwa na iPhone?