Sera ya nje ya Ulaya inaandikwa na nani hasa, serikali zao au hizi taasisi za utafiti?

Msafiri wa Reli
Wakuu habari za jioni. Nipo Ubelgiji mwaka wa tisa sasa na kuna kitu kinanikereketa, naomba tukijadili. Ukitembea Brussels maeneo ya ofisi za Umoja wa Ulaya unakutana na vibao vya taasisi za utafiti wa sera mpaka unachoka, Bruegel, CEPS, Egmont, na nyingine hata majina huyakumbuki. Hawa watu hawajapigiwa kura na mtu yeyote, lakini wanachoandika leo utakuja kumsikia waziri anakisema mwakani kama vile kakiota mwenyewe usingizini. Chukua ule mkataba wa Ulaya na Uturuki wa Machi 2016 wa kuzuia wakimbizi wasivuke kwenda Ugiriki. Wazo lilitoka kwa taasisi ndogo tu, European Stability Initiative ya yule Mwaustria Gerald Knaus. Walitoa waraka Oktoba 2015 wakauita kabisa mpango wa Merkel, Kansela wa Ujerumani wakati huo, Merkel mwenyewe hata hajaukubali! Miezi mitano mbele viongozi wa nchi 28 wanasaini. Hii ni demokrasia kweli? Afadhali hata kwetu hawa watu hawana nguvu, maana msomi wa kwetu ukimwita aje achangie sera swali lake la kwanza ni posho shilingi ngapi.

Kisiki cha Mpingo
Nimesoma mada yako yote vizuri mpaka nilipofika sentensi ya mwisho nikajua naongea na mtu wa aina gani. Mimi ni mhadhiri, mwaka wa 14 huu. Umekaa Ulaya miaka tisa unakuja kututukana kwa jambo usilolijua. Unajua mhadhiri anafundisha wanafunzi wangapi kwa darasa moja? Unajua hela ya utafiti kwa mwaka ni kiasi gani? Hiyo posho unayoidharau mara nyingi ndiyo nauli yenyewe.

Buda wa Rongai
Mkuu posho kwetu Kenya ni ya kusaga, unabeba mahindi yako unaenda kwa posho mill. Nimesoma mara mbili nikidhani wasomi wa Tanzania wanalipwa unga. Hapa tunaita marupurupu.

Njiwa Manga
Na Uganda posho ndo ugali wenyewe, mtu anakula posho na maharage. Kwahiyo alivyosema msomi anauliza posho, Mganda ataelewa jamaa ana njaa, na kusema ukweli hajakosea sana.

Kisiki cha Mpingo
Mnacheka lakini mimi sicheki.

Shabani wa Pili
Mtoa mada una makosa mawili. La kwanza, ule siyo mkataba na hakuna aliyesaini chochote. Lilikuwa tamko, la tarehe 18 Machi 2016, na watu walipoenda kushtaki Luxembourg, mahakama ya Ulaya mwaka 2017 ikasema haina mamlaka nalo kwasababu siyo tendo la taasisi za Umoja, ni la viongozi wa nchi wanachama na Uturuki. Hilo sio jambo dogo, maana yake watu walikuwa wanarudishwa Uturuki kwa karatasi ambayo mahakama haiwezi kuigusa. La pili, waraka wa Knaus ulitaka Ujerumani ichukue Wasyria 500,000 moja kwa moja kutoka Uturuki ndani ya mwaka mmoja. Hicho ndo kilikuwa kiini chake. Wanasiasa walichukua nini? Wakachukua kile cha kurudisha watu, hicho kingine wakakipunguza mpaka kikawa mmoja kwa mmoja, anarudishwa Msyria mmoja anachukuliwa mmoja, na ukomo wa 72,000. Sasa hapo taasisi imeandika sera au mwanasiasa kachagua anachokitaka sokoni kama mtu anayenunua nyanya?

Msafiri wa Reli
Tamko au mkataba ni maneno tu, Uturuki walipewa bilioni 3 za euro.

Shabani wa Pili
Bilioni 6. Tatu za kwanza na tatu za pili. Na sio walipewa mkononi, nyingi zilipita kwenye miradi ya wakimbizi, ila ahadi ilikuwa 6.

Mwana Kivu
Ndugu zangu muko munabishana juu ya posho na nyanya, mie niko mutu wa Goma naomba niseme. Februari 2024 Umoja wa Ulaya walisaini makubaliano ya madini na Rwanda, tantalum, bati, na vingine. Wakati huo waasi wa M23 walikuwa wameshachukua sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru, hapa karibu na Goma. Ripoti zilikuwa hazipo? Zilikuwepo nyingi sana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kama Rwanda inasaidia M23, na taasisi ya International Crisis Group ambao makao yao yako hapo hapo Brussels wanaandika juu yetu kila mwaka. Kila kitu kilikuwa kwa meza. Wakasaini. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka, tulilala chini ya vitanda na watoto siku ine bila maji bila umeme. Ndipo Bunge la Ulaya likakaa Februari likasema makubaliano yasimamishwe. Kwahiyo musinambie ripoti zinaamua. Wanasoma ile wanapenda, ile hawapendi inabaki kwa kabati.

Imara 250
Hapa tulikuwa tunaongea Ulaya na Uturuki, sasa imekuwa Rwanda tena. Kila mjadala lazima Rwanda. Matatizo ya Kongo yana umri mrefu kuliko hayo makubaliano, na Rwanda nayo ina migodi yake, nendeni Rutongo muone bati linachimbwa tangu wakati wa Wabelgiji.

Mwana Kivu
Sijasema Rwanda haina mugodi. Nimesema walisaini wakijua. Soma tena.

Imara 250
Umeanza na Rwanda umemaliza na Rwanda.

Mwana Kivu
Nimeanza na Goma. Mama yangu alikuwa ndani ya Goma.

Njiwa Manga
Jamani taratibu. Imara mwache huyu ndugu, anaongea ya nyumbani kwake.

Mama Tunu
Salaam wote. Pole sana Mwana Kivu. Nimekuwa nasoma kimya kimya ila nimeona niseme ninachokijua maana nimefanya kazi miaka mitatu kwenye taasisi moja Berlin, idara ya kuandaa mikutano, siyo mtafiti. Ripoti zenyewe hazisomwi sana, kurasa 60 nani ana muda huo? Kazi inafanyika asubuhi saa mbili kwenye chai. Meza moja, viti ishirini, wawili watatu kutoka wizara ya mambo ya nje, mbunge mmoja na msaidizi wake, mtu wa kampuni iliyochangia, mwandishi wa gazeti kubwa, na mtafiti mmoja wa kuanzisha mazungumzo. Kabla hamjaanza mwenyekiti anatangaza kanuni ya Chatham House, ile ya tangu 1927 ya ile taasisi ya utafiti ya London, kwamba unaruhusiwa kutumia ulichosikia ila usimtaje aliyesema. Basi watu wanafunguka. Mimi ndo nilikuwa napanga nani akae karibu na nani na niwaambie ile kazi ya kupanga viti ni kubwa kuliko mnavyofikiri, kuna siku niliambiwa nibadilishe viti mara nne.

Na kuna mlango wa kuingia na kutoka, watu wanahama kutoka taasisi kwenda serikalini. Mwaka 2012 mpaka 2013 SWP, ambayo ni taasisi ya Berlin inayolipwa na bajeti ya ofisi ya Kansela, pamoja na German Marshall Fund, taasisi ya Kimarekani, walikusanya watu kama 50 wakae waandike Ujerumani inatakiwa ifanye nini duniani. Wakasema Ujerumani ibebe wajibu zaidi, hata wa kijeshi pale inapobidi. Katikati ya hapo mmoja wa walioongoza ule mradi akahamia ofisi ya Gauck, Rais wa Ujerumani wakati huo. Januari 2014 Gauck anasimama kwenye mkutano wa usalama Munich anahutubia wajibu ule ule. Hakuna aliyemhonga mtu. Ni watu wale wale wamebadilisha ofisi.

Buda wa Rongai
Mama Tunu ulikuwa unalipwa na hao watu miaka tatu alafu leo unakuja kuwaanika?

Mama Tunu
Nililipwa mshahara wa kazi niliyofanya mwanangu, sikulipwa kunyamaza.

Ngalawa Mbovu
Tatizo ni hela tu hakuna kingine. Nyaraka zilivuja 2016 zikaonyesha ile IISS ya London, taasisi ya utafiti wa mambo ya usalama, ilipokea pauni kama milioni 25 kutoka Bahrain, ndo hao hao wanaandaa ule mkutano mkubwa wa usalama Manama kila mwaka. Sasa utaandika nini kibaya kuhusu Bahrain? Na ile kashfa ya hongo ya Qatar kwenye Bunge la Ulaya 2022, polisi wa Ubelgiji wamekuta mabegi ya hela, euro milioni moja na nusu, taasisi ya utafiti ile.

Shabani wa Pili
Ile ya 2022 haikuwa taasisi ya utafiti, Fight Impunity ilikuwa shirika la kutetea haki za binadamu la yule Panzeri, mbunge wa zamani wa Ulaya. Usichanganye.

Ngalawa Mbovu
Shirika, taasisi, asasi, wote wanakula meza moja, wewe kazi yako kusahihisha watu tu.

Shabani wa Pili
Nasahihisha kwasababu ukikosea jina la kosa unampa mkosaji njia ya kutokea. Na kama unataka kujua taasisi hizi zina uzito au hazina angalia China. Machi 2021 Ulaya waliwawekea vikwazo maafisa wa China kwa ajili ya ukandamizaji wa Waislamu wa Uyghur kule Xinjiang, China wakajibu siku ile ile, na kwenye orodha yao wakaiweka MERICS, kituo cha utafiti cha Berlin kinachochunguza China. Kituo kizima. Miezi miwili baadaye Bunge la Ulaya likagandisha ule mkataba wa uwekezaji na China mpaka vikwazo viondoke. Beijing haiwezi kumuwekea vikwazo mtu ambaye hana maana.

Imara 250
Kwahiyo China nao wabaya?

Shabani wa Pili
Nani kasema mbaya?

Njiwa Manga
Mimi nataka kurudi kwa Knaus, maana nimemkumbuka, si ndo huyu huyu aliyekuwa anawaambia Wajerumani waongee na Rwanda juzi juzi ipokee waomba hifadhi wao? Waingereza walishajaribu, wakatangaza Aprili 2022, Mahakama ya Juu yao ikasema Novemba 2023 Rwanda siyo nchi salama kwa kazi hiyo, na serikali mpya ilipoingia Julai 2024 wakafuta. Pauni milioni 700 waziri wao mwenyewe alisema zimeteketea, na watu walioenda Kigali kwa mpango ule ni wanne, tena kwa hiari yao.

Imara 250
Rwanda inapokea watu kutoka Libya tangu 2019 pale Gashora, wilaya ya Bugesera, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wapo. Hilo hamlisemi.

Mama Tunu
Hilo ni kweli Imara na ndo hasa hoja ya Knaus, kwamba UNHCR wawepo ndani. Ila angalia jinsi wazo linavyosafiri. Limeanzia visiwa vya Ugiriki, likaenda Uturuki, sasa linatafuta nyumba Afrika Mashariki, na kwenye ile meza yangu ya chai hakuna siku niliyopanga kiti cha mtu wa kutoka Bugesera, au hata Nairobi. Miaka mitatu. Ningekumbuka.

Kisiki cha Mpingo
Nilikuwa nimesema sirudi ila Mama Tunu umenirudisha. Msafiri, nikueleze hiyo posho yako. Mwaka juzi niliitwa kwenye warsha ya siku mbili Dar, taasisi kutoka Ulaya sitaitaja, mada ilikuwa uhusiano wa Ulaya na nchi za pwani ya Bahari ya Hindi. Nimetoka Mbeya na basi usiku mzima, nimebeba kurasa 30 nilizoandika miezi minne nikihoji mawakala wa forodha, wavuvi, watu wa maghala. Niliwasilisha dakika kumi na mbili, wakapiga makofi, wakaomba niwaachie faili. Baada ya miezi mitano nikaletewa kiungo cha ripoti na rafiki yangu, siyo na wao. Sehemu ya tatu yote ni maneno yangu yaliyogeuzwa Kiingereza kizuri zaidi, mpaka mfano wa yule mzee wa jahazi umo. Jina langu liko ukurasa wa mwisho kwenye orodha ya waliohudhuria, na wamelikosea herufi. Ile ripoti najua ilipelekwa Brussels maana picha za uzinduzi niliziona. Kwahiyo mimi nimeshachangia sera ya nje ya Ulaya bwana Msafiri. Posho ilikuwa laki moja na nusu, na nauli humo humo.

Njiwa Manga
Aisee.

Buda wa Rongai
Hapo kwa mzee wa jahazi nimekasirika kweli, na mimi ndo nilianza mzaha wa unga. Pole mwalimu.

Msafiri wa Reli
Kisiki nimekukosea na naomba radhi hapa hapa mbele ya wote. Niliandika ile sentensi bila kufikiri, nilikuwa namwazia mtu mmoja aliyenichosha, nikawasema wote. Hiyo ripoti nitumie kichwa chake tu, niende kwenye uzinduzi wao unaofuata nisimame niulize. Milango huwa wazi, unajiandikisha tu.

Shabani wa Pili
Ukisimama watakujibu kwamba washiriki wote walitambuliwa kwenye kiambatisho. Nenda na zile kurasa 30 zenye tarehe.

Mwana Kivu
Na uwaulize zile ripoti za Goma nani aliwaambia. Sisi pia watu walikuja kutuhoji, na madaftari.

Kisiki cha Mpingo
Radhi nimeipokea. Kichwa cha ripoti nakutumia pembeni. Juzi Jumanne nimepata barua pepe nyingine, ya taasisi nyingine tofauti, wanataka saa moja ya mahojiano kuhusu bandari, wanasema ni kwa ajili ya kuelewa muktadha tu. Nimewajibu nitakaa nao hata saa tatu ila jina langu liwe la mwandishi, siyo la mhojiwa. Bado hawajajibu.

Mama Tunu
Subiri mpaka wiki ijayo mwanangu. Wakikaa kimya nitakupa jina la cheo cha mtu wa kumwandikia, maana yule anayetuma barua pepe siyo anayeamua.