Nimeishiwa mawazo ya dizaini, wenzangu mnayatoa wapi?

kalamu_kavu
Wakuu habari zenu. Mimi nafanya dizaini, logo, mabango, makava ya vitabu, kazi zipo siwezi kulalamika ila mawazo ndo hamna. Kila nikipata kazi nafungua Pinterest naskroli mpaka saa nane usiku, naseivu picha kama mia hivi, asubuhi nikikaa kuchora kinachotoka ni mseto wa vitu vya watu. Juzi nimetuma logo mteja akaniuliza "hii si nimeshaiona mahali?" na kweli nikaitazama vizuri, hata mimi nimeiona mahali 😅 Sasa nyie mnaotoa vitu vipya kila siku mnavitoa wapi, makumbusho, muvi, porini au mnaota? Nawasilisha.

Babu_Rangi
Mkuu wewe unachota maji huku chini mtoni ambako kila mtu keshanawa miguu. Panda juu. Chukua Mondrian, yule Mholanzi, watu wanamjua kwa maboksi mekundu, ya bluu na ya njano yenye mistari myeusi, lakini kabla ya hapo alikuwa anachora miti. Miti ya kawaida kabisa. Ukiweka ule mti wake mwekundu aliouanza 1908 pembeni ya ule wa kijivu wa 1911 unaona kabisa matawi yanageuka mistari, shina linayeyuka, mbele ya safari mti wenyewe haupo imebaki mistari tu. Halafu 1965 Yves Saint Laurent akayachukua yale maboksi akashonea magauni, leo yako mpaka kwenye kava za simu. Yeye alianzia kwenye mti, wewe unaanzia kwenye kava la simu, lazima ufanane na watu.

mzee_wa_dedlaini
Mi naona mnamzungusha tu. Mteja akishakupigia mara tatu mawazo yanakuja yenyewe. Kukaa chini ya mti eti unatafuta wazo ni uvivu uliovalishwa suti.

jicho_pembeni
@mzee_wa_dedlaini hahaha umeua, lakini sikubali. Kuna injinia Mjapani, Eiji Nakatsu, treni zao za kasi zikitoka kwenye handaki zilikuwa zinapiga kishindo cha hewa watu wa jirani wanalalamika. Jamaa alikuwa na hobi ya kuangalia ndege, akamkumbuka mdiria, yule wa mdomo mrefu anayejitosa majini kuvua samaki na maji hayaruki kivile. Treni yao ya toleo la 500 iliyoanza kazi 1997 pua yake ni mdomo wa mdiria. Presha alikuwa nayo ndiyo, ila ndege alikuwa keshamwangalia miaka, bila hivyo angekumbuka nini?

Kalamu, kwenye muvi dawa ni moja, zima sauti. Weka uliyokwisha kuiona, mpya usiguse utanogewa na stori, halafu simamisha popote ujiulize mwanga unatokea upande gani, rangi ziko ngapi, huyu mtu kwa nini kasukumwa pembeni na katikati pameachwa patupu. Kurosawa mwenyewe, yule mwongozaji wa muvi wa Japani, alianza na uchoraji, muvi yake Kagemusha ya 1980 alipokuwa hajapata hela za kushuti alikaa akaichora kwa rangi tukio kwa tukio.

kalamu_kavu
Nimerudi. Muvi bado, nimejaribu kwanza la Babu. Nimeokota jani limeliwa na wadudu nikalichora kama dakika arobaini, dakika kumi za mwanzo ni kuboreka tu, nimeshika simu mara mbili. Baadaye nikaona kitu: mdudu hali ovyo, anakula nyama ya jani anaacha mishipa kwa hiyo yale matundu hayana duara hata moja, yamekatwa na mishipa, mengine yana kona kali kabisa. Ukilishika juani kivuli chake mezani ni kizuri kuliko jani lenyewe!! Nimechukua matundu matatu, jani nikaliacha, nikayajaza wino yakawa herufi ya kwanza ya jina la mteja, nikaisahihisha kidogo tu mguu wa kulia. Nyumbani wameniuliza kama niko sawa.

Nimeituma jana jioni. Hajajibu, na @mzee_wa_dedlaini hii kazi alinipigia mara mbili tu.