Mrejesho: kujifunga nailoni tumboni ili kupungua

Niliuliza kama kujifunga nailoni tumboni kunapunguza uzito. Asanteni wote, jibu ni hapana, mafuta hayaguswi. Mzani unashuka kwa sababu ya jasho: lita 1 ni kama kilo 1, na ukinywa maji inarudi. Tepu ya fundi cherehani nayo inadanganya, maana nailoni ikibana inasukuma pembeni maji yaliyo chini ya ngozi. Ile michirizi ya mikunjo ya nailoni kwenye ngozi ikifutika, kiuno nacho kimerudi kilivyokuwa. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ni takribani kalori 7,700, jasho haliziunguzi. Kibaya zaidi ni kufanya mazoezi umejifunga: jasho lisipokauka, mwili haupoi. Ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, fungua, kaa penye upepo, kunywa maji. Wajawazito na wenye presha wasijaribu kabisa.